Dawa Niliyopitisha Dirishani

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hamjausikia kwa mtu mwingine akautia chumvi. Siku yangu ya kwanza kazini niliifungua mitumbwi saba ya wavuvi wa mtaani kwetu, asubuhi kweupe, jua limeshapanda, ikaenda zake ziwani bila mtu ndani.

Sikuiba. Nilitumwa. Au tuseme karibu nilitumwa.

Wadogo zangu wa darasa la saba, nyinyi mnaoniuliza kila siku pale kwenye bomba la shule kwamba ile kazi yangu inafanywaje na kama kuna nafasi, ninawaandikia haya ili mniache ninywe maji kwa amani. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, bado nina mtihani wa hesabu wiki ijayo, lakini nimestaafu. Nilifanya kazi miaka minne na nusu. Kuna watu wazima hapa Rumonge hawajawahi kukaa kwenye kazi moja hata mwaka, na hao ndio wanaonicheka.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwachekesha wanawake wenye uchungu wa kuzaa.

Mwajiri wangu alikuwa Koko, bibi yangu mzaa mama. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana, Mama yangu mgongoni, na chupa ya mafuta ya kukandia kifuani. Nguo aliziacha, mafuta alikuja nayo. Zamani alizalisha nusu ya mtaa. Baadaye ikaja amri kwamba wanawake wote wazalie kituo cha afya, na Koko, tofauti na wakunga wenzake, hakununa. Alisema, "Hiyo ni vizuri. Wao wana dawa ya damu, mimi sina." Akabaki na ile sehemu ya kazi ambayo kituo hakikuwa na mtu wa kuifanya: kumkanda mwanamke, kumtembeza, kumpa chai ya tangawizi, kumsindikiza mpaka kitandani, na kumkalia kando hadi mtoto alie.

Sasa mitumbwi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jirani yetu, ambaye leo tunamwita Mama Neema, uchungu ulikuwa umemwanza nyumbani kwake alfajiri, halafu ukasimama. Koko alimkanda, akamzungusha uani, hakuna kitu. Kwa watu wa Koko, uchungu ukisimama hivyo, kila kilichofungwa nyumbani kinafunguliwa, ili na mwili usikie. Vifundo, vifuniko, nywele zilizosukwa, mlango wa kuku. Akatoa kichwa dirishani, akaniona ninacheza na tairi.

"Fiston! Enda ufungue kila kitu iko kimefungwa!"

"Kila kitu, Koko?"

"Kila kitu! Utakuwa kiziwi leo?"

Nikafungua. Nilianza na sanduku la nguo na mtungi wa unga. Nikafungua mbuzi. Nikafungua magunia matatu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, yaliyokuwa yanangoja gari la Bujumbura. Nikafungua viatu vya mzee aliyekuwa amelala kwenye mkeka wake. Halafu nikasimama pale ufukweni na kuwaza kama mwanafunzi mwenye bidii: hii mitumbwi je, haijafungwa? Wenyewe walikuwa wamevua usiku kucha na wamelala fofofo. Nikaifungua yote saba, pamoja na kamba za yale magogo yanayounganisha baadhi yake miwili miwili. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Sihitaji kuwamalizia.

Wa kwanza kuamka alikuwa mume wa Mama Neema. Alitoka na chupi peke yake, akaangalia maji, akaangalia mchanga, akarukia ziwani akipiga kelele kama mtu anayemfukuza mke aliyeolewa kwingine: "Rudi! Rudi hapa! Nilikukosea nini?" Anamwambia mtumbwi. Dirisha la chumba cha Mama Neema linatazama ziwa. Yeye alikuwa ameshikilia nondo za dirisha kwa maumivu, akaona yote. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko chupa ya uzazi ikapasuka. Walipofika kituo cha afya alikuwa bado anacheka. Neema alizaliwa kabla ya ugali wa mchana.

Mitumbwi ilirudishwa, yote saba. Wavuvi walinitafuta na fimbo moja kila mtu. Koko akasimama mbele yangu, mfupi, mikono bado ina mafuta, akasema: "Huyu mumuache. Huyu iko mufanyakazi wangu." Na jioni, akiosha vikombe, akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: "Si kamba zilizomfungua, Fiston. Ni kicheko. Taya ikilegea, na huku chini kunalegea. Miye nilijua ya taya. Ya kicheko sikujua."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Mahali pangu pa kazi palikuwa nje ya ukuta wa kituo cha afya, chini ya dirisha la chumba cha uzazi, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mvulana haingii ndani, hilo halikuwa na mjadala, na mimi mwenyewe sikutaka kuona chochote, asante sana. Dirisha lilikuwa la mbao. Koko akigonga mbao mara moja, ninasema. Akigonga mara mbili, ninafunga mdomo hapo hapo, hata kama neno limefika kwenye meno.

Hapo ndipo penye ufundi, na nyinyi mnaodhani ni kubwabwaja tu sikilizeni. Uchungu unakuja na kuondoka. Ukiwa umekuja, usimchekeshe mtu. Kicheko kinawekwa katika ile nafasi, uchungu umeondoka na mwenzake hajafika, kama mnavyoingia kwenye kamba wasichana wanapoirusha. Ukikosea unapigwa. Mimi nilipigwa. Mwanamke mmoja wa Gitaza nilimwigia muuza ndagala anayepunja kipimo kwa kuingiza kidole gumba ndani ya kopo, na nilikuwa na hamu ya kumaliza nikapuuza kugonga kwa Koko. Kifuniko cha chupa ya chai kilitoka dirishani kikanipata juu ya sikio. Mpaka leo sijui alilengaje bila kuniona.

Mwanamke wa uzazi wa kwanza usimtanie habari za kuzaa, ataogopa. Mtanie habari za mama mkwe. Mwenye watoto watano mtanie habari za mume, atakusaidia mwenyewe na kuongeza mengine usiyostahili kuyasikia. Mke wa mchungaji, nilimwigia mchungaji akiomba sadaka wakati mvua inapiga bati na hakuna anayemsikia. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Nilimwiga kila mtu wa mji huu: direkta wetu wa shule, mpiga pasi, yule dereva wa Nyanza-Lac anayepiga honi hata akiwa amesimama. Koko peke yake sikumwiga. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa palepale, upande wa pili wa mbao.

Si kwamba kazi ilikuwa maneno tu. Asubuhi nilichemsha maji, nikaponda tangawizi, nikapasha vitambaa vya kuwekwa kiunoni. Kitambaa kinapimwa kwenye mkono, upande wa ndani wa kiwiko, si kwenye kiganja, kwa sababu kiganja cha mtu anayefanya kazi kimeshakuwa kiatu. Mafuta ni ya mise, yale ya kokwa la mchikichi, si mawese mekundu ya kupikia. Ninasisitiza hili kwa sababu siku moja nilikosea chupa. Chumba kilikuwa na giza kidogo, Koko akamkanda mwanamke mgongo na mapaja kwa mawese bila kujua. Muuguzi akaingia, akafungua dirisha, akaona wekundu kuanzia mabegani mpaka kwenye shuka. Alipiga yowe hilo! Akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Mwanamke mwenyewe akauliza, "Kuna nini? Miye niko sawa." Koko akanusa mkono wake. Halafu nikasikia kugonga mara mbili, ingawa sikuwa ninasema chochote, na mara hii nilijua moyoni mwake alikuwa anagonga kichwa changu.

Kuna siku binti mmoja wa mtaani kwetu, anayeishi Ulaya, alikuja kuzalia kwa mama yake. Alimletea Koko vichupa vidogo sana vyenye punje nyeupe, ndogo kama mtama. Akasema kule wanawake wanaviweka chini ya ulimi na uchungu unakuwa mwepesi. Kulikuwa na karatasi ya Kifaransa, na Koko hakusoma Kifaransa, kwa hiyo nikapewa mimi niitafsiri. Jamani, mtu kama mimi hapewi kazi kama ile. Nilisoma kwa sauti ya kanisani: "Mkunga aonje kwanza. Aonje akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Wa kushoto." Koko akasimama kwa mguu wa kushoto katikati ya uwanja, punje chini ya ulimi, macho ameyafumba kwa heshima ya dawa. Alisimama muda mrefu. Mimi nilianza kutetemeka kwa kuzuia kicheko, na hapo akafumbua jicho moja.

Alinikimbiza mpaka majini. Alikuwa na miaka sabini hivi na alinipata.

Lakini punje zile hakuzitupa. Alimpa yule binti, akamwangalia, na baadaye akaniambia, "Iko sukari, Fiston. Nimeonja, najua sukari. Ila umeona? Akiiweka chini ya ulimi ananyamaza. Haumi meno. Anapumua na pua, anaingoja iishe. Hapo ndani ya kungoja ndiyo kuna kitu." Tangu siku ile, kwa wanawake wengine, alitumia kipande cha muwa.

Kuna jambo moja hakulifanyia mzaha. Mama wa Bugarama alikuja na majani yamefungwa kwenye karatasi, mkwewe amempa, ya kuharakisha uchungu. Koko aliyachukua akayatia kwenye moto mbele yake. Nilidhani ni wivu wa kazi. Akaniambia akiwa amenigeuzia mgongo kwamba naye aliwahi kuyatumia, kule Kongo, akiwa na haraka na akijiona anajua. Mwanamke akatoka damu, na damu haikusimama. Alimtaja jina. Hakusema zaidi. Sheria yake ikawa hiyo, nami ninawaachia nyinyi: kinachoingia mdomoni kiwe kile ambacho wewe mwenyewe ungekunywa asubuhi ukienda shule. Mengine yote yabaki juu ya ngozi. Na kikiharibika kitu, mwite muuguzi kabla hujajiuliza watakuonaje.

Koko alifariki kiangazi kilichopita. Alilala mchana baada ya kula, kama kawaida yake, na hakuamka. Sina la kuchekesha hapo, nimetafuta.

Ninachotamani si vitu vikubwa. Ninatamani ile harufu ya tangawizi na mafuta ya mise yakipashwa pamoja, wakati jua linatoka na ndagala zinamwagwa mchangani. Ninatamani kutembea nyuma yake nikiwa nimebeba birika, yeye mbele, khanga imefungwa juu ya kitenge, anamsalimia kila mtu "amahoro, amahoro" kama aliyegombea udiwani. Ninatamani kugongewa ile mbao. Siku nyingine nikitoka shule ninapitia nyuma ya kituo cha afya. Ndoo ipo bado. Ninakaa. Hakuna anayegonga, ninainuka ninakwenda nyumbani kufanya hesabu.

Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano tulipomzika. Alikuwa amekaa miaka mingi bila kupata mtoto mwingine, na Koko ndiye aliyekuwa ameshapanga kila kitu, mpaka khanga gani itapashwa. Mama hakulia msibani. Wanawake walimlilia, yeye akapika, akawapakulia wageni, akakunja mikeka. Na baada ya hapo hakucheka pia. Nilijaribu nyumbani, mniamini. Nilimwiga Baba akizungumza na simu yenye chaji kidogo. Alisema tu, "Kula, chakula kinapoa."

Siku yake ya kuzaa ilipofika, walinifuata darasani asubuhi, saa mbili na nusu. Baba alikuwa Nyanza-Lac kwenye michikichi, na simu yake haikushika. Mama alikuwa ameshafika kituo cha afya, Mama Neema amemsindikiza. Nilipitia nyumbani, nikachukua chupa ya mise, nikainusa mara mbili kuhakikisha, nikabeba birika na vitambaa. Vyote nikavipitisha dirishani, Mama Neema akavipokea. Halafu nikakaa kwenye ndoo.

Uchungu ulikuwa umemwanza alfajiri. Sasa ulikuwa umesimama.

Muuguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alitoka nje akaniambia kama mtu mzima mwenzake: "Fiston, njia imefunguka nusu na haiendi. Moyo wa mutoto bado iko muzuri. Nitangoja mpaka saa sita. Isipobadilika, gari itamupeleka hospitali wamupasue."

Nikasema ndiyo. Hospitali si jambo baya, Koko mwenyewe alipeleka wengi. Lakini Mama nilimsikia ndani akimwambia Mama Neema, sauti ndogo, "Nitaenda vipi huko bila Mama?" Na sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akiwa mtoto wa mtu.

Nikaanza kazi. Hakuna aliyegonga, kwa hiyo nilisikiliza pumzi yake mwenyewe, inapotulia ninaingia. Nilimtoa direkta. Nilimtoa mchungaji na mvua. Nilimtoa muuza ndagala na kidole chake. Nilimtoa mume wa Mama Neema akimbembeleza mtumbwi. Mama Neema alicheka, wanawake waliokuwa wanapima watoto barazani walicheka, muuguzi alicheka akavua miwani akaifuta. Mama yangu hakucheka. Nikaongeza kasi. Nikawatoa watu ambao sijawahi kuwaiga, nikamtoa mpaka Mkuu wa mtaa.

"Fiston," akasema Mama kutoka ndani. "Nyamaza. Unanichosha."

Miaka minne na nusu, wadogo zangu, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Nikanyamaza. Saa tano ikapita. Dereva wa gari la wagonjwa alikuja, akaligeuza gari liangalie barabara, akazima injini, akaanza kula muhogo.

Sauti yangu ilivunjika mwaka jana. Nyinyi mlicheka, ninawakumbuka mmoja mmoja. Ilipomaliza kupanda na kushuka ilitua mahali pa ajabu, chini, penye mikwaruzo, na mimi peke yangu nilijua ni mahali pa nani. Koko alikuwa na sauti nzito kuliko wanaume wengi. Nilikuwa ninaijaribu peke yangu, kule nyuma ya michikichi, neno moja moja, halafu ninaona haya ninaacha. Mtu aliyekufa haigwi. Na mama yake mtu, aliyekufa hata mwaka haujaisha, mtoto wake akiwa kitandani? Nilijua ninaweza kumvunja Mama. Nilijua pia kwamba saa sita haiko mbali.

Nikasimama juu ya ndoo, mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Weye," nikasema. Kwa sauti ile. "Unashikilia nini hapo? Kuna mwizi? Hakuna mwizi hapa. Hiyo taya, legeza. Hiyo mabega, teremsha. Nani alikuambia ubebe nyumba nzima?"

Ndivyo Koko alivyowaambia wote, kila siku, miaka yote. Barazani watu waligeuka kuangalia dirisha. Hata dereva aliacha kutafuna.

Ndani, Mama akalia. Si kilio cha uchungu, hicho ninakijua, nimekaa chini yake miaka minne. Alilia kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni, kwa sauti yote, anaita, mdomo wazi. Miezi minne yote ilitoka pale. Mbao za dirisha zikafunguliwa ghafla na Mama Neema akatoa kichwa. Nilifumba macho, nikangoja kofi.

"Endelea," akasema, machozi yanamtoka. "Weye mutoto, endelea!"

Nikaendelea. Niliendelea mpaka koo likakauka. Niligombeza mabega, nikagombeza ngumi, nikamwambia apumue na pua, nikamwambia mtoto naye asijifanye mgeni anayengoja kukaribishwa. Sikuwa ninachekesha tena. Mahali fulani katikati sikujua kama mimi ndiye ninayesema. Kisha nikasikia muuguzi akisema, "Eh, sasa. Sasa mama, twende," na sauti za viatu, na mimi nikashuka kwenye ndoo nikakaa chini ya ukuta nikaweka vidole masikioni, kwa sababu mwisho wa yote bado nilikuwa mvulana na yule alikuwa mama yangu.

Muuguzi anasema kilichosaidia ni kwamba alimgeuza alale ubavu na akamnywesha chai yenye sukari. Inawezekana. Amesomea, na mimi sijasomea. Simbishii. Ninachojua ni kwamba lile gari liliondoka tupu, na dereva akaniachia muhogo uliobaki.

Waliniruhusu kuingia saa tisa alasiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kile chumba kwa ndani, na kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Mtoto ni msichana. Alikuwa amekunjwa kwenye khanga, uso umevimba kama wa bondia aliyeshindwa. Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, amelegea mwili mzima. Nilisimama karibu na mlango. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, kwamba anisamehe, kwamba sikumwiga Koko kwa mzaha, kwamba sitarudia tena maisha yangu yote. Niliyasema yote, vibaya, kwa kuyarukia rukia, nikiangalia sakafu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akamhamishia mtoto mkono wa pili. Akasema:

"Mama alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kugombeza. Weye hukukohoa. Rudia."